Mama Swichi na Mitambo Pacha

Mji ule ulikuwa mwisho wa barabara. Mbele yake kulikuwa na vilima tu, na nyuma yake mto ambao wakati wa mvua ulifanya ulivyotaka. Nguzo za umeme wa taifa ziliishia mbali sana ng'ambo ya mto huo, kwa hiyo umeme wa pale ulitengenezwa palepale, katika jengo la matofali ya saruji lenye paa la bati na madirisha ya wavu. Ndani yake kulikuwa na mitambo miwili ya dizeli, yote ya kijani, iliyofanana kama sahani za seti moja. Watu waliiita Pacha: Pacha wa Mlangoni na Pacha wa Dirishani. Mmoja akifanya kazi, mwenzake anapumzika. Aliyewaamsha na kuwalaza alikuwa mwanamke mpana wa mabega, mwepesi wa miguu, ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Swichi.

Kazi ile aliianza na ufagio. Msimamizi wa kwanza, mzee aliyependa usingizi kuliko chakula, alimchukua afagie na kufuta mafuta yaliyomwagika sakafuni. Akawa anamtuma: nishikie spana, nifungulie koki ile, niangalizie geji. Baadaye ikawa: hebu niwashie, ninyooshe mgongo kidogo. Mzee alipostaafu na kurudi kwao, shirika la umeme lilituma kijana msomi ashike nafasi yake. Yule kijana akashuka kwenye lori, akautazama mji mara moja, akauliza lori linarudi lini, akapanda tena. Kesho yake watu waliamka wakakuta taa zinawaka kama kawaida. Walipokwenda kuuliza ni nani aliyeziwasha, walimkuta mfagiaji amesimama katikati ya mitambo, mikono kiunoni, akiwatazama kama mwenye nyumba anavyowatazama wageni walioingia bila hodi.

Shirika likaona afadhali huyo kuliko giza. Wakampeleka mafunzoni. Alikuwa mwanamke peke yake darasani, naye akarudi na cheti, sanduku la spana, na amri kwamba hakuna mtu atakayeweka kikombe cha chai juu ya mtambo, hata awe mkuu wa shirika.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Duka lake lilitazamana na chumba cha mitambo, barabara tu katikati. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye kuzungumza kwa sauti ya chini kwa sababu muda mwingi alikuwa na pini mdomoni. Watu walipenda kumtania kwamba nyumbani kwake mke ndiye mwenye nguvu, na yeye hakukataa. "Kweli kabisa," alikuwa akisema. "Nikimuudhi, ananizimia cherehani."

Walilea watoto wao hapohapo, kwa mvumo ule ule. Watoto wao walilala vizuri mtambo ukiunguruma, na kuamka wakilia ukizimwa. Wakakua, wakaondoka mmoja mmoja, wa mwisho akiwa binti aliyeolewa jiji la mbali. Mama Swichi akabaki na mume, mitambo, na sifa ambayo hakuna aliyethubutu kuibishia: kwamba akisimama mlangoni na kutega sikio, angeweza kukwambia nozeli ipi inatema mafuta ovyo na mkanda upi umelegea, kabla hajashika kitu.

Lakini miaka ile ya kusimama katikati ya Pacha ilikuwa inamla masikio, kidogo kidogo, kama mchwa anavyokula fremu ya mlango huku rangi ya nje ikibaki nzuri. Alikuwa na vifunika masikio tangu mafunzoni. Vilining'inia kwenye msumari, vikikusanya vumbi, kwa kuwa fundi anayetaka kuusikia mtambo wake hawezi tena kujiziba. Kwanza zilimpotea sauti ndogo, maji yanayoanza kuchemka, nyayo za mtu mlangoni. Kisha maneno yakaanza kumfikia nusunusu. Mumewe akimuuliza, "Umekula?" yeye alijibu, "Umekula mafuta mengi leo, lakini si mbaya." Binti akipiga simu, lawama zote zilikwenda kwa mtandao. Akiombwa apunguze redio, alisema redio yenyewe imezeeka.

Mji mzima ulijua. Mumewe alijua kabla ya wote. Yeye mwenyewe alijitia hamnazo, na alikuwa na sababu. Fundi wa mitambo asiyesikia ni nani? Wangemshukuru sana, wangempa saa ya ukutani, wangemwambia akapumzike. Naye kupumzika hakukujua.

Mvua za mwaka ule zilianza kwa vishindo. Siku chache baada ya lori la mwisho kuleta mapipa ya dizeli, Pacha wa Dirishani alianza kutoa moshi mweupe kama birika. Mama Swichi alimzima, akafungua, akakuta kichwa cha silinda kimepasuka na maji yamechanganyikana na oili. Kichwa kipya kiliagizwa siku hiyohiyo kwa simu. Kilipofika ukingo wa pili wa mto, mto ulikuwa umekwisha kula daraja. Kikakaa huko ng'ambo ndani ya lori, na dereva naye akakaa.

Kwa hiyo mji wote ulibaki mgongoni mwa Pacha wa Mlangoni. Mama Swichi hakuyumba. Alipanga upya saa za umeme, akapita mwenyewe nyumba kwa nyumba na duka kwa duka kuwaeleza watu: zahanati kwanza, kisha pampu ya maji, kisha mashine ya kusaga, wengine kwa zamu. Aliyepiga kelele zaidi ni mchomeleaji, mtengeneza milango na mageti, ambaye kila mtu alimwita Cheche. Huyu alikuwa mdogo wa mumewe, kwa hiyo yeye na Mama Swichi walitaniana hata wakiwa na hasira.

"Shemeji, umenifungia riziki," alisema Cheche, akiwa ameweka miwani yake myeusi juu ya kipaji.

"Nimekufungia waya. Riziki yako iko pale pale, asubuhi, pampu ikishamaliza."

"Asubuhi mikono yangu haijaamka."

"Hiyo kamlalamikie mama yako aliyekuzaa mvivu."

"Na kama nikichomelea kidogo tu mchana, nani atajua?"

"Taa za mji mzima zitakonyeza, Cheche. Nitakuja na koleo, nitakata waya, na nguo zako kaka yako hatakushonea tena."

Cheche alicheka kwa shingo upande, akaenda zake.

Ikaja asubuhi moja ya mawingu. Mtambo ulikuwa umewashwa alfajiri. Mama Swichi alikuwa amezunguka kama kawaida yake: maji, mikanda, moshi, geji ya oili. Sindano ya geji ilikuwa imesimama pale pazuri. Alijipangusa mikono, akaketi kwenye kiti chake kando ya ubao wa swichi.

Ng'ambo ya barabara, mumewe alikuwa anashona sare za shule. Akasikia *ko*. Aliinua mguu kutoka kwenye pedali ya cherehani, akidhani sindano imegonga kitu. Cherehani ikanyamaza, lakini ile *ko* haikunyamaza. Ilikuwa ikitoka upande wa pili wa barabara, ndani ya ule mvumo alioujua kuliko sauti yake mwenyewe: sauti kavu, kama ya mtu anayebisha hodi kwa kifundo cha kidole. Alisubiri mkewe auzime mtambo. Alihesabu kimoyomoyo kwamba sasa ameisikia, sasa anainuka, sasa mkono uko kwenye swichi. Mtambo ukaendelea. *Ko, ko, ko.*

Akatoka mbio, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni. Mtu yule hakuwa mtu wa kukimbia, na muuza mboga jirani alisimama kumtazama.

Alimkuta mkewe ameketi, anakunja tambara, uso shwari.  Alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kelele ile, nayo haikumfikia.

"Unagonga," alisema.

"Nimekwisha kunywa," alijibu Mama Swichi. "Chai ipo kwenye chupa."

Mumewe alisogea karibu. Alimshika mkono, akamwinua, akampeleka hadi ubavuni mwa mtambo, akakiweka kiganja cha mkewe kwenye bati la chini, pale krenki, ule mhimili mkuu wa mtambo, inapozungukia. Mama Swichi alifungua mdomo kumuuliza ana wazimu gani, kisha akaufunga. Pigo lilikuwa linapanda kupitia kiganja hadi kwenye kiwiko. Pigo moja, kila mzunguko, bila kukosa.

Hakuuliza la pili. Alikata swichi kubwa ya mji, akavuta wenzo wa mafuta. Pacha wa Mlangoni akakohoa, akapunguza, akanyamaza. Feni zikasimama mji mzima, mashine ya kusaga ikabaki na mahindi mdomoni, na ukimya ukaingia chumbani kama mgeni asiyetarajiwa.

"Ulikuwa husikii?" mumewe aliuliza, akimtazama usoni ili ayaone maneno.

Mama Swichi alirudisha kiganja juu ya bati. Angeweza kusema alikuwa anawaza jambo. Angeweza kusema mvua, bati, upepo.

"Sikusikia," alisema. "Sisikii siku nyingi."

"Najua."

"Najua unajua."

Wakasimama hivyo, mkono wake bado juu ya bati la moto. Kisha akausogeza, akafunga kilemba vizuri. "Haya. Niitie mdogo wako. Mwambie aje na mikono iliyoamka."

Kabla Cheche hajafika, mlango ulishajaa watu. Msagaji alikuwapo, mweupe kwa unga hadi kwenye kope. Alikuwapo pia sista wa zahanati, mwanamke wa makamo ambaye kwa kawaida hakuacha kituo chake mchana. Yeye ndiye aliyekuwa na la maana zaidi.

"Friji imejaa chanjo," alisema. "Zilikuja na gari la mwisho. Zikiharibika, watoto watasubiri hadi mto ukubali."

"Friji yako ikifungwa isifunguliwe, baridi itakaa mpaka lini?"

"Mpaka usiku. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi."

"Basi ifunge, kaa na ufunguo. Kabla ya jua kuzama nitakurudishia umeme."

Msagaji akauliza kilichotokea. Watu walitegemea asikie nusu na kujibu mengine, kama walivyozoea. Mama Swichi aliwatazama wote, akasema kwa sauti yake kubwa ya chumba cha mitambo:

"Mtambo umegonga, mimi sikuusikia. Masikio yangu yamechoka. Mume wangu ndiye aliyesikia. Nikiwa nazungumza na nyinyi, simameni mbele yangu mnitazame. Sasa tokeni, mnaniziba mwanga."

Hakuna aliyecheka. Walitoka. Jambo alilolificha miaka mingi lilikuwa limekwisha kusemwa kwa pumzi moja, na paa halikuanguka.

Cheche alifika na mashati mawili, moja la kuchafua. Yeye na shemeji yake wakamwaga oili kwenye beseni, wakaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa inametameta, kama iliyonyunyiziwa unga wa shaba.

"Hiyo nini?" Cheche aliuliza, kisha akakumbuka, akasogea mbele yake na kurudia.

"Hiyo ni beringi inayosagika. Shikilia hapo."

Walifungua bati la ubavuni. Mama Swichi aliingiza mkono hadi begani, shavu likigusa chuma, akatikisa mikono ya chuma inayoshika pistoni, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza kimya, wa pili kimya. Wa tatu ukacheza. Waliulegeza, wakautoa chini, na beringi yake ikamwangukia Cheche mkononi, nyembamba, imekwanguka, haina tena uso wake wa kijivu. Mama Swichi hakuitazama sana. Alikuwa anapapasa krenki yenyewe kwa ncha za vidole, akiizunguka taratibu, macho amefumba. Kama chuma kile kingekuwa kimechimbika, kazi ingeishia pale, na mji ungekaa gizani hadi mto upungue na krenki mpya itoke mbali.

Mumewe alisimama mlangoni, pini zimesahaulika kwenye ukosi wake.

"Laini," alisema Mama Swichi hatimaye. "Laini kama kikombe. Tumewahi."

Akamgeukia Pacha wa Dirishani, aliyekuwa amelala na kichwa chake kibovu. Kilichopasuka kilikuwa juu. Chini hakuwa na ubaya. "Huyu hatazihitaji beringi zake mpaka mto ushuke," alisema. "Tunaazima."

Mchana ule wote walifanya kazi kama watu wanaotoa moyo kwa mmoja na kumpa mwingine. Cheche, aliyezoea chuma kinachotii moto, alijifunza chuma kinachotaka upole. Mara moja alivuta spana kwa pupa na kifundo cha mkono kikamchubuka.

"Hili si geti, shemeji," alisema Mama Swichi. "Taratibu, hadi uhisi boliti imekaza. Hapo ndipo unapoacha."

"Geti ukikosea linalia tu."

"Huyu ukikosea analipuka, na mimi sitamsikia. Kwa hiyo usikosee."

Cheche alicheka hadi akalazimika kuweka spana chini.

Chanzo walikikuta walipoinama kufungua beseni la oili chini ya mtambo. Chujio la pampu ya oili lilikuwa limeziba kwa matope meusi, na kile kibomba chembamba kinachokwenda kwenye geji kilikuwa kimeziba pia. Ndiyo maana sindano ilikuwa imenasa pale pazuri, ikimdanganya, huku oili haipandi. Mama Swichi alisafisha chujio kwa dizeli na brashi, akapuliza kibomba hadi mashavu yakamuuma, akamimina oili mpya kutoka kwenye pipa la akiba.

Jua lilikuwa limeanza kulegea walipofunga boliti ya mwisho. Akamwita mumewe.

"Kaa hapa," alisema, akimwekea kile kiti chake mwenyewe. "Nitamwasha bila mzigo. Wewe fumba macho usikilize."

Pacha wa Mlangoni akazunguka, akakohoa, akashika. Mama Swichi aliweka kiganja kimoja kwenye bati, kingine kwenye bomba la oili, macho yake kwenye sindano ya geji iliyokuwa sasa inapanda yenyewe, bila uongo. Fundi cherehani aliinamisha kichwa kama anavyofanya mteja akimweleza mshono. Alisikiliza kwa muda mrefu. Cheche alishindwa kuvumilia, akaanza kutafuna ukosi wa shati.

"Hamna," alisema mumewe, na kwa sababu alijua hatasikika, akatikisa kichwa na kupunga kidole. "Hamna *ko*."

"Kiganja kinasema hivyo hivyo," alisema Mama Swichi.

Akapeleka umeme zahanati kwanza. Sista alikuwa amesimama mlangoni kwake. Alifungua friji mara moja, akatazama kipimajoto, akainua mkono juu ili waone kutoka mbali. Zikafuata pampu, mashine ya kusaga na nyumba, safu moja baada ya nyingine. Taa zikawaka kabla giza halijaingia sawasawa, na watu walioziona hawakupiga vigelegele. Walirudi tu jikoni kwao, na hilo ndilo Mama Swichi alilopenda zaidi.

Mto ulipokubali, lori lilivuka na kichwa kipya cha silinda, pamoja na injinia wa shirika. Alikuwa mtu mzima, mtulivu, aliyevaa viatu vya kazi vilivyochakaa kwa kutumika. Alikagua beringi, akakagua oili, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama Swichi hakumsubiri aulize. Alimwambia yote, akianzia kwenye masikio, na alimwambia akiwa amesimama wima.

"Kwa hiyo unataka kustaafu?" injinia aliuliza, akimtazama usoni kama alivyoelekezwa.

"Sijasema hivyo. Nimesema sisikii. Naona, nashika, nanusa, nasoma geji. Ninachohitaji ni mtu wa pili mwenye masikio, na geji isiyoongopa."

 Injinia alisema kwamba hata kama masikio yake yangekuwa mazima, kukiacha kituo kwa mtu mmoja tu kulikuwa kosa la shirika tangu mwanzo. Kabla hajaondoka alimfungia taa nyekundu ya hatari ukutani, inayowaka mtambo ukikosa oili au kuchemka, akampeleka kupimwa masikio katika hospitali kubwa ng'ambo ya mto. Daktari wa huko alimwambia bila kuzunguka kwamba kilichokwenda hakitarudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa. Alirudi na kifaa kidogo cha kusikilizia nyuma ya sikio, ambacho alikichukia wiki nzima, kisha akakizoea. Vile vifunika masikio vya kwenye msumari alivipangusa vumbi, akavivaa, akamvisha na mtu wa pili vyake.

Mtu wa pili alikuwa Cheche. Hakuna aliyeshangaa kuliko Cheche mwenyewe. Alichomelea mageti asubuhi na kushika zamu mchana, akawa mkali kuhusu vikombe vya chai kumzidi mwalimu wake. Wakati mwingine Mama Swichi alimkuta amefumba macho, kiganja juu ya bati.

"Wewe unasikia," alimwambia. "Unapapasa nini?"

"Nahakikisha," alisema Cheche.

Ilipokaribia mwisho wa mwaka, binti yao alijifungua. Mama Swichi, ambaye tangu arudi mafunzoni, ukiacha safari ya hospitali, hakuwahi kulala mahali asikosikia, au asikoshika, mvumo wa Pacha, aliomba likizo. Alimwachia Cheche funguo, akamwachia maagizo mengi hadi mumewe akamvuta mkono kuelekea kwenye gari.

Jijini kwa binti kulikuwa na nguzo kila mahali. Mjukuu alikuwa mdogo, mwenye hasira na sauti kali, na bibi yake alifurahi kugundua kwamba kwa kile kifaa sauti hiyo ilimfikia yote, bila kupungua. Jioni ya pili, wakiwa mezani, taa zikazimika. Mtaa mzima ukawa giza. Mama Swichi alishika ukingo wa meza, akainuka nusu.

"Kaa, mama," alisema binti, akiwasha mshumaa bila haraka. "Watarudisha."

"Nani?"

"Wao. Wa umeme."

"Unawajua?"

"Nitawajuaje, mama? Hakuna anayewajua."

Mama Swichi alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatabasamu kwenye sahani yake.

"Basi kuna mtu huko sasa hivi," alisema, akiketi na kuvuta kiti karibu, "anajipangusa mikono na watu wamemjazia mlango. Mwacheni afanye kazi." Akanyoosha mikono ampokee mtoto.